Juu ya Nini Tulizungukaka Kichuguu

Mutoto yangu Numbi,

Mwenye kukuandikia ni baba yako mudogo, muntu mwenye kuvalisha Élisabethville muzima. Usicheke. Bale bamama unaona banapita ku soko na bitambaa muzuri mu mwili, njo kazi yangu ile. Magazini ya bitambaa iko ya Bwana Saa, ufunguo ya magazini iko mu mufuko ya Bwana Saa, na Bwana Saa mwenyewe iko mu motokari yenye naendesha miye. Mwaka moja homa ilinilalisha siku mbili. Magazini ikafunguliwa saa ine, bashonaji bote ya cité bakakaa mbele ya mashini yabo, mikono mu magoti, na bibi-arusi moja akaingia mu kanisa na robe ya mukono moja. Uulize bantu.

Weye umeenda kuaga barafiki. Mama yako Eliza, bibi yangu, anafunga sanduku yako, anaifungua, anaweka tena kintu, anaifunga. Mambo ya kufua nguo na kuchemsha maji na kuandika barua kila mwezi, atakuambia yeye, na atakuambia mara tatu. Miye nabakia na kintu kimoja paka, kimoja tu. Nimekaa mu motokari ya Bwana Saa, hapa mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, karatasi juu ya volani, jua bado haijaingia. Unajua motokari iko hapa tangu jana, uso ku ukuta ya jikoni, juu batri ilikufa mu sikukuu ya kukuaga, mbele ya bajirani bote. Bwana Saa iko safari, na nilikuwa nimeiingiza ndani ili bantu baone mutoto yetu anatoka mu nyumba ya namna gani. Basi imebakia, na kuku balilala chini yake.

Kesho saa nane ya muchana kamio, ile lori ya muchuruzi ya Mitwaba mwenye kukupa kazi, inaondoka, na weye ku volani. Shofere muzima. Nimefurahi mpaka nashindwa kula, na miye sishindwaka kula. Lakini njia ya Mitwaba iko na bilima, na mu bilima kuna fasi njia inakuwa nyembamba, mukono moja ukuta ya mawe, mukono ingine shimo. Kamio mbili zikikutana pale, shofere moja anapaswa kufanya kintu chenye sikukufundisha. Nimekufundisha miezi sita, na kila siku nilikipita kwa mbali. Barua hii ni ya kile kintu. Uniache nifike pole pole, juu mukono iko nzito.

Baba yako, mukubwa yangu, Mungu amulaze, njo alinileta mu muji na kunitafutia kazi kwa muzungu moja ya kujenga manyumba. Kazi yangu ilikuwa kuosha kamio. Asubuhi moja shofere hakufika. Kapita, musimamizi ya kazi, akatoka inje, akauliza:

"Nani hapa anajua kuendesha?"

Benzangu bote bakaangalia chini. Miye nikainua mukono, kitambaa ya kuoshea ingali ndani yake, maji inashuka mpaka ku kwapa.

"Unajua yote?"

"Yote, kapita."

Nilijua kufungua mulango. Lakini macho yangu ilikuwa imeiba mengi kwa ule shofere, nyuma ya ndoo yangu, na saa moja ikipita nilikuwa mu njia ya Kinsevere na matofali elfu mugongoni. Ile kamio ilikuwa muzee, na ilikuwa na kilema yake, nitakuambia mbele. Nikafika, nikarudi, kapita akanipa kazi. Toka ile siku hakuna muntu aliniuliza tena kama kuna kintu sijue. Na miye sikusema.

Kisha nikaingia kwa Bwana Saa. Ile jina bantu ya magazini njo balimupa, juu ku kila kona anatosha saa mu mufuko, anaiangalia, anaipeleka ku sikio kama anaona inamudanganya. Jirani yake alikuwa muzungu ya mambo ya tribinali, kule kwa bajuji, Bwana Ndevu. Nyumba zabo ku avenyu moja, magazini ya moja na biro ya mwengine ku avenyu ingine, mulango kwa mulango, chini ya mijakaranda. Na shofere ya Bwana Ndevu alikuwa Kabeya, ule mwembamba ya Kasai, mwenye kupangusa motokari mpaka unaona meno yako ndani. Kwa hiyo mara ine kwa siku, asubuhi, muchana kurudia kula, saa nane kurudi kazi, na jioni, Kabeya na miye tulikuwa mu njia moja na haraka moja.

Haikukuwa mbio ya bajinga. Ilikuwa na kintu ya kupata. Mbele ya magazini kulikuwa fasi moja ya kivuli, pa kona kabisa, chini ya muti mukubwa. Mwenye kufika wa kwanza anaipata. Wa pili anasimama ku jua, uso ku ukuta kama mutoto mwenye azabu, na muchana volani inamuunguza mikono.

Kabeya alikuwa ananingojea ku kona ya nyumba yabo, moteri inaguruma, mukono inje ya dirisha.

"Muyetu, motokari yako inakohoa. Umeipeleka ku lopitalo?"

"Inakohoa vumbi yako ya jana."

"Jana nani alikuwa mbele?"

"Jana nilikuacha juu ya heshima. Uko mugeni mu muji."

"Niko hapa miaka kenda."

"Kenda ni kidogo."

Na mabwana nyuma yetu, bakubwa bazima na kofia zabo, banajifanya kusoma makaratasi. Lakini Bwana Saa alikuwa ananigonga bega na kidole: "Ule na ndevu yake akifika mbele yetu, leo utatembea ku miguu." Siku tulipata kivuli, mpaka jioni alikuwa anapiga miluzi.

Motokari yenyewe ilikuwa na roho yake. Mu baridi ya mwezi ya sita haiamke. Unaingiza manivele, ile chuma ya kuamsha moteri, pale mbele, unazungusha, unazungusha, inakurudishia kofi ya mukono, unaitukana, unaibembeleza, njo inakubali. Bujia, zile za kuwasha moto mu moteri, zikijaa mafuta, nazipangusa na mukia ya shati. Siku moja ya mvua klaksoni ilikwama, ikalia toka nyumbani mpaka magazini bila kupumua. Polisi pa kona akafungia bantu bote njia ili tupite. Bamama bakavua mizigo ku kichwa. Muzee moja akapiga goti mu matope. Bwana Saa akainua kofia yake, akabasalimia mukono ya kuume na mukono ya kushoto. Ile siku tulipata kivuli na dakika kumi ya kubakisha. Kabeya mpaka leo anasema muzee hakupiga goti, aliteleza. Kila muntu na macho yake.

Lakini nilisema sitaandika paka ushujaa. Nikuambie ya bukari.

Radiatere, ile tanki ya maji ya moteri, ilianza kuvuja, tone moja, tone moja. Kazi ya kuchomea risasi, ku garaji, saa moja inakwisha. Lakini nilikuwa nimeambia Bwana Saa kama mu mikono yangu motokari haigonjwake. Sasa nitasema nini? Shofere moja ya kamio alikuwa ameniambia unga inaziba tundu. Unga sikukuwa nayo. Nilikuwa na bukari ya muchana, ile ugali yetu, unga yenye imekwisha kupikwa, mama yako alikuwa ameifunga mu majani, ingali na moto. Nikaivunjavunja, nikaiingiza yote. Na ilisimama, Numbi. Siku tatu hata tone. Nikatembea mu magazini kama muntu mwenye alitengeneza ile motokari kwa mikono yake.

Siku ya ine, pa reli, tukingojea treni ipite, Kabeya pembeni yetu, nikasikia inanguruma kama tumbo. Kifuniko ikaruka. Bukari ikatoka na mvuke, ikaanguka juu ya kapo ya moteri, juu ya kioo, juu ya koti nyeupe ya Bwana Saa, na kidogo ku ndevu ya Bwana Ndevu, juu dirisha yake ilikuwa wazi. Bantu bote pa reli bakatugeukia. Kabeya akatosha kichwa, akavuta hewa na pua.

"Muyetu, imeiva. Mboga iko wapi?"

Ku garaji balifungua radiatere, bakatosha kitonge kwa kitonge, na fundi akazipanga juu ya gazeti mbele ya Bwana Saa. Hakunifukuza. Aliniuliza paka, "Juu ya nini hukusema inavuja?" Nikajibu mengi. Ile jibu ya kweli sikuitosha. Ilikuwa hii: siku moja, kitambo, nilisema najua yote, na muntu mwenye kujua yote motokari yake haivuje.

Sasa nakaribia. Ngoja nipanguse miwani.

Kila Noeli nasimulia bageni namna nilikuokoa. Ulikuwa na miaka tano, homa ilikushika mpaka macho ikageuka nyeupe, na Bwana Saa akasema nitwae motokari, nikukimbize ku lopitalo. Na miye nasimulia namna niliona motokari inachelewa, nikaiacha mu njia, nikakutia ku mugongo, nikakimbia kupita moteri. Bantu banapiga mikono. Mama yako anaangalia sahani yake.

Ya kweli ni hii. Mu njia ndogo ya nyuma ya kanisa, mukokoteni ya makala ilikuwa imevunjika gurudumu mbele yetu, makala yote inje, fasi ya kupita hakuna. Nyuma yetu njia ilikuwa wazi, hatua makumi mbili, kisha kona, kisha avenyu ya lopitalo. Motokari ilikuwa muzima. Batri muzima, pine muzima, tanki ya esanse ya kujaa. Nilikaa pale mikono ku volani, ukilia kidogo kidogo nyuma yangu. Kisha nikatoka, nikakubeba, nikakimbia. Ni mbali, Numbi, ile njia. Ku nusu ukaacha kulia, na kuacha kulia kwako kuliniogopesha kupita kulia. Daktari alisema tulifika, basi, tulifika. Hakusema mapema.

Sijui kurudisha motokari nyuma.

Nimeandika. Ile kamio ya matofali njo kilema yake ilikuwa hiyo: vitesi, ile gia ya kurudi nyuma, ilikuwa imekufa zamani. Tukikwama, bantu munane banashuka, banaisukuma na mabega. Nikajifunza yote ya kwenda mbele, muzuri sana, na ya kurudi sikujifunza. Kwa Bwana Saa nilijaribu mara moja peke yangu, nikaangusha nyumba ya kuku ya madamu, nikasema ni mupepo. Kisha ningeuliza nani? Nilikuwa nimekwisha kusema yote. Mwaka ikapita, na mwaka ikipita aibu inakuwa na ndevu.

Ile fasi ya kivuli, unaelewa sasa? Ilikuwa pa kona. Unaingia na avenyu moja, unatoka na avenyu ingine, uso mbele siku zote. Fasi zingine unatia uso ku ukuta, na jioni unapaswa kurudi nyuma. Nilikimbizana na Kabeya miaka kumi na mbili, bantu banafikiri ni juu ya sifa, Bwana Saa anafikiri ni juu yake. Siku nilishindwa, nilikuwa natosha hewa mu pine na mukono yangu mwenyewe, namwambia bwana ni musumari, anarudi nyumbani ku miguu, na miye nangoja mpaka bantu baende ili nimuombe mulinzi anisukume.

Na weye, ku njia ya Ruashi, kila mara tukitaka kugeuza kamioneti ya magazini, nilikuambia shofere mukubwa anazunguka kichuguu. Tukazunguka. Ulifanya vile miezi sita, muzuri kunipita. Siku moja ukaniuliza, "Baba, na kule kwenye hakuna kichuguu?" Nikakupigia makelele juu ya namna unakanyaga klachi. Klachi yako ilikuwa muzuri. Ile makelele unisamehe.

Leo asubuhi nimeenda ku garaji yenye kamio ya Mitwaba inapakia mizigo. Kabeya njo mukubwa ya bashofere pale sasa, tumbo imeanza kumuota. Nilimukuta anapangusa motokari ya muntu mwengine, bila muntu kumutuma.

"Muyetu," akasema, "kivuli iko bure siku hizi. Umekuja kuchukua?"

"Nimekuja juu ya mutoto. Kesho anaenda Mitwaba. Kuna kintu kimoja hajue."

"Kurudi nyuma."

Nikaangalia bilatu yangu. "Nani alikuambia?"

"Hakuna. Muntu anaendesha muzuri vile, juu ya nini azunguke avenyu tatu ili atoke ku mulango ya jirani? Nilijua mu juma ya kwanza."

"Na hukuambia bantu?"

Akakunja kitambaa yake, pole pole, mara ine. "Ningeambia bantu, Bwana Saa angekufukuza. Miye asubuhi ningekimbizana na nani?"

Nikakaa juu ya ndoo. Akaniletea chai. Akaniambia tena kama siku za mvua, zile pine zinateleza, alikuwa anangoja kidogo ku kona ili nifike ku kivuli bila kukimbia. Nilikuwa nahesabu zile siku mu ushindi yangu, Numbi. Sasa sijui nibakie na ngapi, na sijui juu ya nini roho yangu iko nyepesi vile.

"Saa kumi na mbili ya asubuhi," akasema, "kiwanja nyuma ya garaji. Alete shingo yake."

"Asubuhi moja itatosha?"

"Zingine zote ulimufundisha weye. Hii ni ya kugeuza kichwa na kutoogopa. Kamio inaondoka saa nane, mpaka pale atarudi nyuma hata mu tundu ya sindano." Kisha, bila kuniangalia: "Na weye ukuje."

"Niko muzee."

"Shingo imevunjika?"

Basi saa kumi na mbili. Barua hii naiweka mu kilatu yako ya kuume, juu najua huwezi kuamka na kutoka bila bilatu. Usiichelewee. Kabeya anapenda saa kupita Bwana Saa.

Na kule mu bilima, ukikuta kamio ingine uso kwa uso, na ule shofere anapiga klaksoni na kukutukania mama, rudi weye. Hata kama njia ni yako, hata kama uko na mizigo na yeye mutupu. Atapita anacheka, ataenda kusimulia ku soko ya Mitwaba kama alikuogopesha. Mwache asimulie. Nimesimulia vile miaka mingi, najua namna inafurahisha, na najua kile kinabakia mu tumbo usiku. Na ule muchuruzi akikuuliza kesho kama unajua yote, mwambie zile unajua, na zile hujue. Atakunja uso siku moja. Miye nilikunja yangu miaka yote ile.

Mama yako ananiita kula, harufu ya samaki inafika mpaka hapa mu dirisha, na leo naona nitaweza. Bado neno moja, na nisipoliandika sasa sitaliandika.

Bwana Saa anarudi na treni ya kesho saa tano, na napaswa kumungojea ku gare na motokari hii. Jana ulitaka kufungua kapo uangalie batri, nikakukatalia mbele ya bajirani. Ukasema tutumie manivele, nikasema nimeisahau ku magazini. Manivele iko chini ya kiti, nimeikalia. Batri iko muzima kabisa. Ukitoka kwa Kabeya, mbele ya kunywa chai, saa bajirani bako ku soko, upite mu lupango, ufukuze kuku, na unitoshee hii motokari ku ukuta.

Baba yako mudogo.